"Nilikula Nini?" Mazungumzo Kuhusu Kujikinga na Kisukari cha Ujauzito

Mama zangu, dada zangu, na nyinyi akina baba mliokaa viti vya nyuma, asanteni kwa kufika. Akina baba, sogeeni mbele kidogo tafadhali. Nina maneno yenu pia.

Mimi ni mkunga. Katika miaka yangu ya kliniki, swali moja limeniumiza kuliko yote, nalo ni fupi: "Mkunga, nilikula nini?" Anayeliuliza ni mama aliyeambiwa dakika chache zilizopita kwamba ana kisukari cha ujauzito. Ameshika karatasi ya majibu, na kichwani anapitia kila kilichoingia kinywani mwake tangu mimba itungwe, akitafuta kosa lake.

Nilipokuwa mgeni katika kazi hii nilimjibu mmoja vibaya sana. Nilimwambia, bila kufikiri, "Umependa mno vitu vitamu." Akainama, akakunja karatasi yake, akaondoka. Tulimwona tena baada ya wiki tano, tumbo likiwa kubwa kuliko umri wa mimba na maji ya uzazi yamezidi. Nilipomuuliza alikuwa wapi, alisema aliona haya kurudi. Baadaye nikaja kujua kwamba hakuwa hata mpenzi wa vitu vitamu. Alikuwa na mama na dada wenye kisukari, na umri wake ulikuwa umevuka miaka 35. Neno langu lilimnyima wiki tano za matibabu, na sijalisahau.

Kwa hiyo leo, kabla ya chakula na kabla ya mazoezi, naomba tuelewane juu ya ugonjwa wenyewe. Anayeelewa unavyoanza hamlaumu mtu, na pia anajua pa kushika.

Mimba inapokua, kondo la nyuma linafanya kazi nyingi, na mojawapo ni kumwaga homoni katika damu ya mama. Homoni hizo zinaufanya mwili wa mama uwe mzito kuisikia insulini. Insulini ndiyo inayotolewa na kongosho ili sukari itoke kwenye damu iingie kwenye misuli na viungo vingine. Mwili wa mama ukiwa mgumu kupokea sukari, sukari nyingi zaidi inabaki kwenye damu, na mtoto anapata sehemu yake. Hapo hakuna ugonjwa. Huo ni mpango wa maumbile wa kumlisha aliye tumboni, na unatokea kwa kila mjamzito. Kufikia miezi ya mwisho, insulini ya mama inafanya kazi kwa kiasi cha nusu tu ya nguvu iliyokuwa nayo kabla ya mimba, na kongosho linalazimika kuitoa mara mbili au tatu zaidi ili kufidia.

Wanawake wengi makongosho yao yanaimudu kazi hiyo. Kwa wengine yanachoka, sukari inapanda, na hicho ndicho kisukari cha ujauzito. Nguvu ya kongosho lako hukuichagua: umeirithi, na miaka nayo inaipunguza. Hata kondo hukulichagua. Unachoweza kugusa ni uzito wa kazi ambayo kongosho hilo linatwishwa. Nawaomba mlishike hilo, kwa sababu ushauri wote nitakaoutoa leo ni wa kupunguza mzigo huo, na hakuna hata mmoja unaoahidi kwamba mama akifanya kila kitu hatapata ugonjwa. Wapo waliofanya kila kitu na bado wakapata. Mzigo waliubeba vizuri. Ulikuwa mkubwa tu.

Na mtoto je? Sukari ya mama inapita kwenye kondo, lakini insulini ya mama haipiti. Mtoto akiletewa sukari nyingi, kongosho lake dogo linatoa insulini yake mwenyewe kwa wingi, na kwa mtoto aliye tumboni insulini ni kichocheo cha kukua. Ananenepa, hasa mabegani na tumboni. Daktari Jørgen Pedersen wa Copenhagen alilieleza jambo hili katika miaka ya 1950, na maelezo yake bado yanasimama. Wakati wa kuzaliwa, mabega yanaweza kukwama baada ya kichwa kutoka, na hiyo ni dharura ambayo kila mkunga anaiogopa. Kisha kitovu kinakatwa: sukari kutoka kwa mama inakoma papo hapo, lakini insulini ya mtoto bado iko juu, hivyo sukari yake inashuka ndani ya saa chache. Ndiyo maana watoto hawa tunawapima mara kwa mara siku ya kwanza na kuhimiza wanyonye mapema. Mama naye anakuwa katika hatari zaidi ya kupanda kwa shinikizo la damu na ya kujifungua kwa upasuaji.

Kwa makadirio ya Shirikisho la Kimataifa la Kisukari ya mwaka 2021, karibu mtoto mmoja kati ya sita duniani anazaliwa na mama ambaye sukari yake ilipanda wakati wa mimba, na sehemu kubwa kabisa ya kesi hizo ni kisukari cha ujauzito. Lakini takwimu inayonigusa zaidi ni nyingine. Mwaka 2008 yalitolewa matokeo ya utafiti uliowafuatilia wajawazito zaidi ya 23,000 katika nchi tisa. Watafiti walitafuta mahali ambapo hatari inaanza, na hawakuupata mpaka ulio wazi. Kila sukari ilipopanda kidogo, hatari nayo ilipanda kidogo, hata kwa akina mama ambao siku hizo wangeambiwa wako salama. Maana yake kwako ni hii: kila kiasi unachoishusha sukari kina faida, hata kama hukuwa wa kupata ugonjwa, na hata kama mwishoni utaupata. Jitihada hiyo haipotei bure.

Sasa, lini pa kuanzia? Jibu langu litawasikitisha baadhi yenu: kabla ya mimba. Huko Marekani wauguzi wanawake zaidi ya 14,000 walifuatiliwa kwa miaka, na matokeo yakachapishwa mwaka 2014. Wale ambao kabla ya kushika mimba hawakuvuta sigara, walifanya mazoezi angalau dakika 150 kwa wiki na walikula vizuri, hatari yao ya kisukari cha ujauzito ilikuwa pungufu kwa asilimia 41. Ukiongeza la nne, yaani uzito usiozidi kiasi kabla ya mimba, pungufu ikafika asilimia 52. Utafiti wa kufuatilia watu hauwezi kuthibitisha kila kitu, nakubali. Hata hivyo unaendana na kile tunachokijua kuhusu mwili: kondo likianza kumwaga homoni zake katika mwili ambao tayari unaisikia insulini vizuri, safari inaanzia pazuri.

Majaribio yaliyofanywa mimba ikiwa imekwisha kuingia yana majibu mchanganyiko, na sitawaficha. Huko Uingereza wanawake zaidi ya 1,500 wenye unene uliokithiri waliingia katika jaribio kwenye wiki ya 15 hadi ya 18, na karibu nusu yao walifundishwa chakula na mazoezi. Matokeo yalipotoka mwaka 2015, kisukari cha ujauzito hakikuwa kimepungua. Huko Hispania, katika jaribio lililochapishwa mwaka 2017, wajawazito walianza mapema, kwenye wiki ya 8 hadi ya 12, wakila kwa mtindo wa nchi za Mediterania: mboga, matunda, jamii ya kunde, na nyongeza ya mafuta ya zeituni na karanga aina ya pistachio. Waliopata kisukari walikuwa asilimia 17.1, dhidi ya 23.4 kwa wenzao walioambiwa wapunguze mafuta. Wanawake wa majaribio hayo mawili hawakuwa sawa, lakini mimi nasoma somo moja humo: tusingoje tumbo lionekane. Ukiona siku zako zimepita, njoo kliniki wiki hiyo hiyo.

Kwa aliyewahi kuupata ugonjwa huu katika mimba iliyotangulia, nina habari njema kutoka Ufini. Wanawake waliowahi kuupata, au wenye unene uliokithiri, walipewa ushauri wao binafsi wa chakula na mazoezi kabla ya wiki ya 20. Matokeo ya mwaka 2016 yalionyesha kwamba asilimia 13.9 kati yao walipata kisukari, dhidi ya 21.6 kwa wale waliopata huduma ya kawaida. Aliyewahi kuupata hajahukumiwa kuupata tena.

Tuje kwenye sahani. Mama wengi wanapokuja kwangu wanategemea nitawakataza wanga wote. Sifanyi hivyo, na naomba asije mtu akawashawishi kujinyima chakula mkiwa na mimba. Mtoto anahitaji wanga, na ubongo wako pia. Ninachowaambia ni kuigawa sahani: nusu yake mboga, robo chakula cha protini kama maharage, samaki, mayai au nyama isiyo na mafuta mengi, na robo iliyobaki ndiyo ya wanga, ikiwezekana nafaka isiyokobolewa. Sahani za nyumbani nyingi ninazoelezwa zimepinduka: wanga unajaza, mboga imewekwa pembeni kama pambo. Hata mpangilio wa kula una maana. Ukianza na mboga na protini, kisha ukamalizia na wanga, sukari inapanda polepole kuliko ukianza na wanga, ingawa chakula ni kile kile.

Ukinilazimisha nichague badiliko moja tu, nitachagua kinywaji. Soda na juisi vinaingia kwenye damu haraka, havishibishi, na mama havihesabu kuwa ni chakula. Miongoni mwa wauguzi wale wa Marekani, waliokunywa soda ya kola yenye sukari mara tano au zaidi kwa wiki kabla ya mimba walikuwa na hatari kubwa zaidi kwa asilimia 22. Na juisi, hata uliyoikamua mwenyewe asubuhi kwa upendo, ni sukari ya matunda manne au matano bila nyuzinyuzi zake. Kula tunda lenyewe, utafune, unywe maji. Nyuzinyuzi hizo tunazozitupa ndizo ulinzi wetu: katika kundi hilo hilo la wauguzi, kila gramu 10 za ziada kwa siku ziliambatana na hatari pungufu kwa asilimia 26. Gramu 10 si jambo kubwa. Ni kama theluthi mbili za kikombe cha maharage yaliyopikwa.

Asubuhi ni wakati wa kuangalia zaidi. Mwili wa mjamzito unakuwa mgumu zaidi kwa insulini saa za asubuhi, hivyo mkate mweupe na kinywaji cha sukari vinavyoleta shida kidogo jioni vinaleta shida kubwa wakati wa kifungua kinywa. Punguza wanga saa hizo, ongeza yai au maharage.

Halafu kuna lile neno ambalo kila mjamzito ameambiwa na kila jirani: "Kula, unakula kwa ajili ya wawili." Linasemwa kwa mapenzi, najua. Ukweli ni kwamba miezi mitatu ya kwanza mama mwenye uzito wa kawaida hahitaji nyongeza ya nishati. Miezi mitatu ya kati anahitaji takribani kalori 340 kwa siku, na ya mwisho kama 450. Kalori 340 ni kipande cha mkate, yai, tunda moja na bilauri ya maziwa. Sahani ya pili haimo humo. Kuhusu kilo, miongozo ya Marekani ya mwaka 2009, ambayo inatumika sehemu nyingi, inasema mama mwenye uzito wa kawaida aongezeke kilo 11.5 hadi 16 kwa mimba nzima, aliyezidi uzito 7 hadi 11.5, na mwenye unene uliokithiri 5 hadi 9. Angalieni kwamba hata huyu wa mwisho anatakiwa kuongezeka. Ujauzito hauna zamu ya kukonda.

Sasa mwendo. Msuli unaofanya kazi unafungua mlango wake wenyewe na kuichukua sukari bila kuingoja insulini. Tafakarini uzuri wa jambo hilo: kondo limeufanya mwili uwe mgumu kuisikia insulini, na wewe kwa kutembea tu umepita mlango mwingine. Kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni dakika 150 kwa wiki za shughuli ya nguvu ya wastani. Kipimo chake ni mdomo wako: unaweza kuongea, lakini huwezi kuimba. Mwaka 2018 watafiti waliyaunganisha majaribio mengi ya mazoezi wakati wa mimba, wakakuta uwezekano wa kupata kisukari cha ujauzito umepungua kwa asilimia 38. Kama 150 inakutisha, ivunje. Tembea dakika 10 hadi 15 baada ya kila mlo mkubwa, wakati ule ule sukari inapotaka kupanda. Mimi napenda ushauri huu kuliko wote, maana hauhitaji vifaa wala nguo maalumu.

Wapo ambao hawapaswi kufanya mazoezi mpaka waongee na daktari: anayetoka damu, ambaye chupa imepasuka, ambaye kondo limeziba njia, ambaye mlango wa kizazi umelegea, mwenye shinikizo la damu la mimba, mwenye upungufu mkubwa wa damu. Na yupo mama mwingine ninayemfikiria sana, yule anayeinua mizigo mizito na kusimama kutwa nzima. Tusimwongezee zoezi jioni. Huyo anahitaji kupumzika.

Usingizi nao unahusika. Wanaolala chini ya saa sita wana hatari zaidi. Sigara, acha kabisa. Vidonge vya kuzuia kisukari cha ujauzito visiwapotezee fedha: metformini, ambayo ni dawa nzuri ya kisukari, imejaribiwa kwa wajawazito wanene na haikukizuia.

Hata ukifanya haya yote, njoo upimwe. Kati ya wiki ya 24 na ya 28 utaombwa uje bila kula tangu usiku, upimwe damu, unywe maji yenye gramu 75 za glukosi, upimwe tena baada ya saa moja na baada ya saa mbili. Kwa kigezo cha Shirika la Afya Duniani, una kisukari cha ujauzito ukifika 5.1 kabla ya kunywa, au 10.0 baada ya saa moja, au 8.5 baada ya saa mbili, kwa milimoli kwa lita. Kimoja tu kinatosha. Kama kuna kisukari kwa wazazi au ndugu zako, au uliwahi kuzaa mtoto mkubwa sana, sema siku ya kwanza ili upimwe mapema.

Na majibu yakiwa mabaya, usifanye kama yule mama niliyemfukuza kwa maneno yangu. Matibabu yanafanya kazi. Huko Australia, katika jaribio la wanawake 1,000 lililochapishwa mwaka 2005, madhara makubwa kwa watoto yalikuwa asilimia 4 kwa walioachwa kwenye huduma ya kawaida, na asilimia 1 kwa waliotibiwa. Wengi walitibiwa kwa chakula na kupima sukari. Baadhi walihitaji insulini. Insulini si adhabu wala si dalili kwamba umeshindwa. Ni kuliongezea kongosho mikono.

Akina baba, na mama wakwe, na wote mnaoishi na mjamzito. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Anaambiwa asinywe soda, na friji imejaa soda za wengine. Anaambiwa apike chakula chake tofauti, baada ya kuwapikia nyinyi. Anaambiwa atembee, na hakuna wa kubaki na watoto. Kisha sukari ikipanda tunamuuliza yeye alikula nini. Mimi nimeacha kumpa mama karatasi ya ushauri peke yake. Namwomba aje na anayekula naye. Nyumba nzima ikila sahani ile ile, hana haja ya kujizuia mbele ya mtu yeyote. Na chakula hicho kitawafaa nyinyi pia, hasa nyinyi wenye kisukari katika ukoo.

Jambo langu la mwisho ni la baada ya kujifungua, na hapo ndipo tunapowapoteza akina mama wengi. Kondo likitoka, sukari kwa kawaida inarudi mahali pake, na kila mtu anasahau. Lakini mwanamke aliyewahi kuwa na kisukari cha ujauzito ana hatari ya kupata kisukari cha aina ya pili mara saba hadi kumi kuliko mwenzake. Kunyonyesha kunaipunguza hatari hiyo. Anapaswa kurudi kupimwa kati ya wiki ya 4 na ya 12, kwa kipimo kile kile cha glukosi, na baada ya hapo kila baada ya mwaka mmoja hadi mitatu.

Fikirini siku hiyo ilivyo. Mama hajalala, hajala tangu usiku, na anatakiwa akae kliniki saa mbili nzima akiwa na kichanga. Nikiwauliza waliokosa kipimo hicho kwa nini hawakuja, wengi hawasemi kwamba walipuuza. Wanasema hawakuwa na wa kumshika mtoto. Akina baba, tarehe ya kipimo itaandikwa kwenye kadi siku mnayotoka wodini. Iandikeni na nyinyi, ombeni ruhusa kazini mapema, mje mumbebe mtoto.